Mashine ya kukausha chakula kwa kugandisha, mwaka na nusu nikiwa nayo

Kila anayeiona hii mashine ananiuliza inafaa au haifai, na mi huwa nashindwa kujibu kwa neno moja. Chakula kinachotoka humo kinashinda njia nyingine zote nilizowahi kujaribu, na nimejaribu jua, oveni, hadi ile mashine ya kupuliza hewa ya moto. Ila ukizembea kwenye kufungasha, kazi yote imeenda bure.

Kwanza inagandisha chakula, yangu inashuka mpaka kama nyuzi 40 chini ya sifuri, halafu pampu inanyonya hewa ya ndani, trei zinapashwa taratibu, na barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Hapo ndo utamu wote ulipo, kwa sababu chakula hakipati nafasi ya kusinyaa. Stroberi inatoka na ukubwa uleule na rangi ileile, hata vile vimbegu vya juu vyote vipo, ukiishika nyepesi kama povu, ukiing'ata inavunjika kau, afu sekunde chache tu mdomo mzima umejaa ladha ya tunda lenyewe. Vitamini C nayo inabaki nyingi kuliko ukikausha kwa moto. Na ukitaka kula kama zamani unamwagia maji tu, inafyonza haraka maana ndani imejaa vitundu vitundu, supu ya mboga naimwagia maji ya moto na dakika tano nyingi nishaanza kula.

Sasa tuje kwenye maudhi. Mzunguko mmoja kwangu ni saa 24 hadi 40, matunda yenye sukari nyingi ndo yanachelewa zaidi, na muda wote huo pampu inaunguruma na umeme unaenda, kwa hiyo usiiweke karibu na chumba cha kulala kabisa. Oili ya pampu inaingiwa na mvuke inakuwa na ukungu kama imetiwa maziwa, ukiona hivo ichuje au ubadilishe, usisubiri. Vitu vya mafuta sahau, siagi haikauki, na nyama yenye mafuta mengi itakuja kuchacha tu hata uifungashe vipi. Asali na jamu pia hapana.

Hasara yangu kubwa ilikuwa kuku wa kupikwa, trei nne nzima, nilikata vipande vinene, skrini ikaandika imemaliza nikaamini nikafunga mifuko. Wiki tatu mbele nafungua mmoja, kipande kinabonyea katikati! Nilitupa vyote na iliniuma sana, ila sikuwa na namna, chakula chenye unyevu ndani ya mfuko usio na oksijeni ndo mazingira yanayopendwa na bakteria wa botulizimu, ile sumu ya chakula inayoweza kuua, na huwezi kumjua kwa kunusa. Tangu siku hiyo navunja kipande kinene kuliko vyote nagusa katikati, kikiwa cha baridi bado kuna barafu, narudisha. Afu napima trei kwa mizani, naongeza saa mbili, napima tena, uzito ukishuka hata kidogo bado haijakauka.

Na watu waelewe hili jamani, kugandisha na kukausha hakuui bakteria, kunawalaza tu. Nyama ikiingia mbichi inatoka mbichi, lazima uipike. Mi naandika MBICHI kwa herufi kubwa juu ya mfuko ili mtu mwingine nyumbani asije akaila hivohivo.

Kufungasha sasa. Hivi vitu vinanyonya unyevu wa hewani kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo mifuko ya foili na vipakiti vya kufyonza oksijeni naviandaa kabla sijafungua mlango wa mashine. Ile miaka 25 ya kukaa bila kuharibika wanayoitangaza watengenezaji ni kwa chakula kilichokauka vizuri, kikafungwa vizuri na kukaa sehemu yenye ubaridi na giza, na si kila chakula. Njegere zangu za zamani zaidi zina miezi 16, nimezionja juzi, ziko vilevile.

Kama unataka matunda ya kutafuna mwezi huu tu, chukua ile ya hewa ya moto, ni rahisi mno kuliko hii. Yangu mi siuzi, saa hizi ina trei za mayai, zinatoka kesho jioni.