Kusomea Kiingereza mtandaoni: yaliyonifaa darasani na yasiyonifaa

Nafundisha Kiingereza watu ambao si lugha yao ya kwanza, watoto kwa watu wazima, na siku hizi sehemu kubwa ya kusoma tunaifanya kwenye majukwaa ya mtandaoni. Kilichonivuta si picha wala nyota za zawadi. Ni kwamba darasa zima linaweza kusoma habari moja, kila mtu kwa kiwango chake.

Hapo Newsela, jukwaa la makala za habari, inanifaa sana. Makala moja, tuseme ya volkano, unaikuta katika viwango vitano. Anayeanza anasoma sentensi fupi, aliyepiga hatua anasoma ndefu, halafu wote wanajadili jambo lilelile. Kwangu hili ni suala la heshima. Mtu mzima mwenye kazi na familia hapaswi kupewa hadithi za chekechea eti kwa kuwa msamiati wake bado mdogo.

Ila makala ikirahisishwa mno, viunganishi ndivyo vinavyotangulia kupotea. Kiwango cha chini kitakuambia mlima ulilipuka, watu wakahama. Cha juu kitakuambia watu walihama ingawa lava ilikuwa mbali, kwa sababu gesi ilikuwa imeshafika kijijini. Hoja yote imo kwenye "ingawa" na "kwa sababu". Kwa hiyo mwanafunzi akishaelewa aya, namfungulia ileile katika kiwango kinachofuata, aisome tena. Mara nyingi anaimudu, kwa kuwa habari yenyewe anaijua tayari.

Jukwaa lingine, ReadWorks, ni la bure, linaendeshwa na shirika lisilotafuta faida, na maandishi yake mengi yana sauti. Sauti ni muhimu mno, maana tahajia ya Kiingereza haikuonyeshi matamshi. Mwanafunzi husikiliza huku macho yakifuata mstari, kisha anazima na kusoma mwenyewe kwa sauti. Asipozima, anabaki msikilizaji tu.

Nisichokiamini ni maswali ya kuchagua jibu, ambayo majukwaa mengi yanayategemea. Nimekaa kando ya wanafunzi nikawaangalia: anasoma swali, anachukua neno moja, analisaka kwenye makala, anabofya. Anapata alama nzuri. Mwambie akusimulie alichosoma, kimya. Siku hizi asilimia za kwenye skrini siziangalii sana. Naomba masimulizi, hata kwa lugha ya kwao, kwani ninachopima hapo ni kuelewa.

Na tafsiri ya kubofya neno? Inasaidia, lakini aya isomwe kwanza hadi mwisho. Anayebofya kila neno hufika chini akiwa amesahau aya ilianzaje.

Kwa wanaoanza kabisa napendekeza StoryWeaver ya Pratham Books, shirika la India lililoizindua mwaka 2015. Hadithi zake ziko chini ya leseni huria, unaweza kuzipakua na kuzichapisha, jambo linalookoa pale mtandao unaposumbua. Nyingi zipo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, hivyo mtoto anaisoma kwanza kwa lugha anayoijua ndipo aingie kwenye Kiingereza.

Newsela ina sehemu za kulipia, kwa hiyo mwalimu asiye na bajeti aanze na ReadWorks kwa wakubwa na StoryWeaver kwa wadogo. Achague makala fupi, na muda unaobaki autumie kuwasikiliza wakisimulia.