Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa jicho la fundi wa Keko

Wenzangu wengi wa Dar wakishuka boti pale Malindi hukimbilia gari la Nungwi au Paje, Mji Mkongwe wakauona kupitia dirishani tu. Mimi nasema pwani ingoje, lala mjini kwanza. Kazi yangu ni kutengeneza samani Keko, kwa hiyo usishangae nikianza na milango kabla ya chakula.

Ile ya zamani zaidi juu imenyooka, nakshi zake zimetulia, na mingi ina aya za Kurani. Yenye tao juu ilikuja baadaye kwa mkono wa mafundi wa Kihindi, na hapo maua na majani hayana mwisho. Husemwa misumari mikubwa ya shaba asili yake ni India, kuzuia tembo wasibomoe mlango wakati wa vita. Zanzibar tembo hakuna, ikabaki kuwa pambo na fahari ya mwenye nyumba. Mke wangu alichoka kunisubiri kila kona. Nilikuwa napapasa mfaa, ule mti wa katikati, wa kila mlango nikitafuta mahali mbao zilipoungwa. Kazi ile inatia wivu. Leo mteja akikuletea oda ya mlango anautaka wiki ijayo.

Sasa malazi. Hoteli nyingi za huku ni majumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haivutwi, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba. Ukisoma mtu analalamika kuwa chumba kilikuwa chembamba, jua tu hajaambiwa jengo limejengwaje. Sisi tulifikia nyumba ya wageni upande wa Kiponda, siitaji jina. Kitanda ni samadari hasa, kina vioo vya rangi kichwani, kimeungwa kwa ustadi, hakilii hata ukigeuka mara ngapi. Kwa kitanda nawapa alama zote. Ukuta sasa! Mtu amepiga lipu ya saruji juu ya chokaa, unyevu umekosa pa kutokea, rangi inababuka na chumba kizima kinanuka uvundo. Jiwe la matumbawe linataka kupumua, ukilifunga kwa saruji linaoza taratibu kwa ndani. Nilimweleza mama wa mapokezi, akasema, "Pole baba, njooni niwapandishe juu." Ghorofa ya juu palikuwa pakavu, upepo wa bahari unaingia, na kifungua kinywa tulinywea chai darini huku tunatazama mapaa ya mabati yenye kutu na minara ya misikiti. Kwa hiyo kabla hujalipa, omba chumba cha juu na uguse ukuta kwa kiganja. Wenye magoti mabovu waulize ngazi kwanza, kwa sababu zimesimama wima. Na alfajiri adhana itakuamsha, misikiti iko kila upande.

Vya kutazama ni vingi, ila mimi ningempeleka mgeni Mkunazini kabla ya kwingine. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na madhabahu iko pale panapotajwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watu. Ndani mna msalaba mdogo wa mbao, nao umetokana na mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa. Nilisimama hapo muda mrefu. Mwongozaji anakuonyesha pia nguzo zilizosimamishwa juu chini, eti Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, alikuwa safarini mafundi walipozipachika. Niliitikia kwa kichwa, nawajua mafundi. Nje, wale watu wa mawe waliofungwa mnyororo shimoni hawahitaji maelezo.

Beit el-Ajaib nililitazama kwa nje tu. Jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 liliporomoka sehemu mnamo Desemba 2020, na nilipofika lilikuwa limefungwa. Inauma. Ngome Kongwe iko jirani, ingia tu, haimalizi muda. Sehemu za kiingilio chukua kitambulisho, bei ya Mtanzania ni nafuu kuliko ya mgeni.

Usiku watu watakutuma Forodhani. Nenda, lakini nenda kabla jua halijazama, uwaone vijana wakipiga makachu kutoka ukutani hadi baharini. Hiyo ni bure na ndiyo bora kuliko vyote. Mishikaki ya samaki wa baharini na pweza mezani inapendeza kwa taa, ila mingi imeshapikwa na inapashwa tu. Uliza bei kabla hujanyoosha kidole. Juisi ya muwa yenye tangawizi na ndimu sina neno nayo. Urojo kula mchana mitaani kwa akina mama, wanapokula wenyeji.

Baada ya hapo tulikwenda Jaws Corner. Kahawa chungu ya kikombe kidogo, kashata, bao, na wazee wanaobishana siasa na mpira kwa lugha tamu mno. Niliamkia, wakanisogezea nafasi barazani. Anayetaka bia na machweo aende Africa House kule Shangani, zamani klabu ya Waingereza. Pazuri, lakini unalipia mandhari. Usiku huohuo, kwenye kichochoro, tulisikia fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni kutoka dirisha la juu, watu wanafanya mazoezi ya taarabu. Mke wangu akakataa kuondoka mpaka wimbo uishe. Mji wenye kikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanza mwaka 1905, hauhitaji disko.

La mwisho ni la wanunuzi wa makasha ya "kale". Mengi niliyoonyeshwa madukani ni ya juzi, yamepakwa rangi nyeusi na kusuguliwa. Geuza kasha, angalia chini: mbao iliyopasuliwa kwa mashine ina mistari iliyolingana, na skrubu za nyota hazikuwepo enzi za Barghash. Kama umelipenda hivyohivyo, lichukue, lakini lipa bei ya kasha jipya.