Simu Isiyochaji Pwani ya Lamu: Kusafisha Tundu la Chaji au Kulibadilisha?
Kabla ya kulilaumu tundu, jaribu waya na kichwa kingine cha chaji, kwani mara nyingi kasoro huwa huko. Kasoro ikiwa kwenye tundu lenyewe, kusafisha ndiko nafuu zaidi: simu huzimwa, nyuzi za nguo zilizoshindiliwa ndani hutolewa taratibu kwa kijiti cha mbao, wala si kwa sindano, ambayo huweza kuzigusanisha pini (vijichuma vya ndani vinavyopitisha umeme) na kuleta shoti, na kutu ya kijani hupanguswa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha tundu huachwa likauke kabisa. Hata hivyo, kwa anayevuka kwa mashua kati ya Shela na Amu kila siku, chumvi ya bahari huleta kutu tena, na kazi hiyo haina budi kurudiwa.

Kubadilisha ni ghali zaidi, ila ndiko kunakotegemewa pini zikiwa zimelika au waya wa chaji ukilegea ndani ya tundu. Tundu lililo kwenye kibao chake kidogo hubadilishwa kwa bisibisi. Lililolehemiwa kwenye bodi kuu lahitaji fundi stadi, na gundi ya kuzuia maji isiporudishwa vyema, simu hubaki wazi kwa unyevu. Mvuvi aogope hilo kuliko mwenye duka, ambaye simu yake haitoki mezani.