Walizima Filamu Kabla Mwas Hajapanda Jukwaani

Kwa wanaoniuliza kama ule ukumbi mdogo wa sinema hapa Mombasa, wanaoonyesha filamu za nyuma siku za Jumapili, unafaa kumpeleka mtoto: msiende. Nasema hivyo nikiwa bado na uchungu, na huenda nikafika chini nimebadili kauli. Lakini sikilizeni kwanza walivyonifanyia.

Filamu yenyewe ilikuwa Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga. Hii nimeitazama mara nyingi hata nimeacha kuhesabu, kwa kompyuta, kwa simu, kwa televisheni ya jirani, ila kwenye skrini kubwa sikuwahi. Nikamchukua mtoto wa kaka yangu. Yuko kidato cha pili, yumo kwenye kundi la maigizo shuleni kwao, na siku hizi hana hadithi nyingine. Njia nzima nilikuwa nikimwambia jambo moja: wewe mtazame Joseph Wairimu, mengine yatakuja yenyewe.

Maana anachofanya Wairimu mle ndani ni kigumu mno. Mwas, anayemwigiza, ni kijana wa kijijini anayeuza filamu, na kila mteja akisimama, anamwigizia kipande: anapayuka, anatoa macho, anarusha mikono kama ana bunduki. Anaigiza kupita kiasi, na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu Mwas hajajua bado. Wairimu anatuonyesha mtu mwenye kipaji ambacho hakijapata mtu wa kukielekeza. Wangapi wanaweza kuigiza vibaya kwa makusudi huku ukiwapenda? Halafu anaingia Nairobi, anaporwa siku ile ile, anaishia selo, na humo ndimo anamokutana na Oti.

Oti ni marehemu Olwenya Maina, aliyetutoka 2022. Yeye anacheza kinyume na Wairimu kabisa. Hana papara. Anaweza kukaa akimwangalia mwenzake tu, na wewe kwenye kiti unajisikia umekaguliwa mpaka mifukoni. Mtoto alinishika mkono alipotokea. Nikajua somo limeanza kuingia.

Basi Mwas anaishi maisha mawili. Huku anaiba vipuri vya magari na genge la Oti, huku anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani, na ndani ya mchezo huo kapewa nafasi ya mwizi. Kila akirudi mazoezini makelele yake yanapungua. Usipotazama kwa makini hutaona. Kule mwisho, polisi wakishalimaliza genge, Mwas anafika jukwaani akitoka kwenye kifo moja kwa moja, anasimama mbele ya watu na kuwauliza maswali yake. Hapayuki tena wala harushi mikono. Yule kijana wa kwenye filamu za kuuza amekuwa mwigizaji, na bei aliyolipa mnaijua. Filamu nzima ilikuwa inatembea kuelekea hapo. Mtoto nilimleta kwa ajili ya hapo.

Risasi zikaisha. Ukumbi kimya, hata bisi hazitafunwi. Nikamgusa bega: sasa. Na papo hapo taa za dari zikawaka, zile ndefu nyeupe, skrini ikawa buluu tupu, jina la projekta likitangatanga kutoka pembe hii hadi ile.

Nilidhani ni umeme. Nikangoja. Watu wakaanza kunyanyuka, kina mama wakipapasa viatu vya watoto chini ya viti, na kijana mwenye ufagio akaingia kuanzia safu ya mbele. Nikaenda nyuma kwa yule anayeendesha mitambo. Nikamkuta anakunja waya.

"Mwanangu, filamu haijaisha."

"Imeisha, mama. Wezi washakufa."

"Mwas hajafa. Bado anakwenda kupanda jukwaani."

"Mama, hii nimeionyesha mara kumi. Hapo hamna kitu, ni mtu anaongea tu."

Nikamwomba anirudishie dakika chache zile, sitaki pesa yangu, sitaki lolote. Akanijibu huku macho yako kwenye waya wake: "Ukitaka kumalizia, iko kwa simu."

Mtu anaongea tu. Nimelala na maneno hayo na nimeamka nayo. Yaani mtu kakabidhiwa ukumbi mzima na hajui anachoonyesha! Kwani sinema ni nini ukiondoa uso wa mtu? Katika Glory ya 1989, Denzel Washington anachapwa viboko mbele ya wenzake, hapigi yowe, chozi moja linamteremka shavuni, na kwa filamu ile akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Vita vimejaa mle ndani, mizinga na moshi, lakini mimi nalikumbuka chozi. Lupita Nyong'o wetu alipochukua Oscar yake mwaka 2014, watu walizungumza wiki nzima kuhusu lile gauni la buluu. Mimi mpaka leo nazungumzia kipande cha sabuni. Patsey, mtumwa anayemwigiza katika 12 Years a Slave, kaenda shamba la jirani kutafuta sabuni kwa sababu amechoka kunuka, na sasa amesimama mbele ya bwana wake akikionyesha alichopewa. Tazameni uso wake hapo: woga, hasira na uchovu vinagombania mlango mmoja. Wairimu naye alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban, mwaka ule ule wa 2012, na mimi naamini kabisa mwisho ule ndio uliombeba.

Niseme na haki yao. Sauti ya ukumbi ule ni safi. Kule selo nilisikia mambo ambayo kwa miaka yote hii sikuwahi kuyasikia, sauti za watu wa nyuma, pumzi zao. Kiingilio ni nafuu, viti si vibaya, na sijui ni wapi pengine hapa mjini ningeiona filamu ya Kenya ya zamani kwa ukubwa ule Jumapili alasiri. Kwa karibu saa moja na nusu nilikuwa mtu mwenye furaha, siwezi kukataa. Tena meneja alinifuata mpaka mlangoni, akaniomba radhi kwa adabu, akanipa tiketi mbili za Jumapili nyingine. Kwa hiyo lile neno langu la juu nalilegeza: nendeni, ila kabla hamjakaa mwambieni yule kijana aache mpaka majina yote yapite.

Lakini hapana. Kwa nini nimwambie? Ukienda kwa fundi wa nguo humfundishi kwamba shati lina mikono miwili. Yeye ndiye mlinzi wa kazi ya watu wale, ndiye mtu wa mwisho kati ya Wairimu na mtoto wangu, na ameikata shingo kazi hiyo awahi kukunja waya. Mara kumi ameionyesha, asema. Basi kuna watu wa mara kumi waliorudi makwao wakiamini hadithi ya Mwas inaishia kwenye maiti. Tiketi zile ziko ndani ya mkoba wangu hadi leo, na sidhani nitazitumia.

Kwenye matatu ya Bamburi nilitoa simu. Tulikuwa kiti cha dirishani, jua la magharibi linatuingilia, muziki wa gari umefunguliwa wote. Nikaitafuta mpaka nikaipata, nikasogeza mpaka jukwaani, nikampa sikio moja la waya nami nikabaki na jingine. Uso wa Wairimu ulikuwa mdogo kuliko ukucha wa dole gumba langu. Mtoto akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Shangazi, hapo analia, au ni jua linang'aa kwa simu?"

Nikaikinga simu kwa kiganja, tukairudisha nyuma.