Uzoefu wangu: seti ya vipuri vya kuunda saa ya mtindo wa Submariner 5513

Seti hii inafuata umbo la 5513, ile saa ya kuzamia ya Submariner isiyo na tarehe ambayo Rolex ilianza kuitoa mwaka 1962. Ndani yake kuna kasha la milimita 40, uso mweusi usio na jina, mishale, bezeli (pete inayozunguka kioo), kioo, mkanda wa milimita 20, mashine ya NH35 ya Seiko na kijiti kimoja cha kifundo, yaani kile kitufe cha ubavuni cha kutilia ufunguo. Uso usio na jina ndio unaofaa. Ukichapa jina la kampuni umeshatoka kwenye hobi na kuingia kwenye kughushi.

Kasoro ya kwanza ninayoiona ni mashine. Si kwamba ni mbovu: NH35 ina vito 24, inapiga mara 21,600 kwa saa, na ikijaa ufunguo inakwenda takriban saa 41. Tatizo ni kwamba ina tarehe. Ukiifunika kwa uso usio na dirisha, gurudumu la tarehe linaendelea kuzunguka chini kwa chini, na kifundo ukikivuta hatua ya kwanza kinalia "tik" bila kufanya lolote. Muuzaji akikubali kubadilisha, mwombe NH38, ndugu yake asiye na tarehe. Mishale ni ile ile, na hatua hiyo ya bure haipo.

Kabla ya kugusa chochote, geuza uso uangalie vijiguu vyake, vile vipini vidogo vinavyoingia kwenye mashine. Vipo vya kifundo kilicho kwenye namba 3 na vya kifundo kilicho karibu na namba 4, kama saa nyingi za kuzamia za Seiko. Vikiwa si vyenyewe, wengi huvikata na kubandika uso kwa gundi ya vidoti. Inashika, ila uso unanyanyuka kidogo, na kidogo hicho kinakatwa kwenye nafasi ya mishale.

Kijiti ndicho kinachowashinda wengi. Kinakuja kirefu, nawe ndiye wa kukikata. Funga kifundo kwenye kijiti hadi mwisho, kiingize kwenye mashine ikiwa ndani ya kasha, kisha pima kwa kalipa pengo lililobaki kati ya kifundo na mdomo wa bomba la kasha ambamo kijiti kinapita. Kata pungufu ya kipimo hicho kwa milimita 0.3, halafu malizia kwa tupa, ukijaribu kila baada ya misuguo michache. Kifundo hiki ni cha kukaza kwa nyuzi, kwa hiyo kipime mara mbili: kikikazwa kisigome kabla ya kufika chini, na kikifunguliwa kitie ufunguo na kivutike hadi hatua ya kuweka saa. Kikigoma, kijiti bado kirefu. Kisipovutika sawasawa, umekifupisha mno. Upungufu mdogo unaweza kuufidia kwa kurudisha kifundo nyuma nusu mzunguko na kukishika kwa gundi ya nyuzi, lakini seti kuwa na kijiti kimoja tu ni ubahili. Agiza cha pili mapema. Unapokitoa, bonyeza kile kidimbwi cha wenzo unaoshika kijiti taratibu sana; ukikandamiza, vyuma vya kuwekea saa vinaruka mahali pake na itabidi uso utoke tena.

Mishale ya NH ina matundu ya milimita 1.5 kwa saa, 0.9 kwa dakika na 0.2 kwa sekunde. Mashine ikae kwenye kishikio chake. Panga yote kwenye namba 12, anza na wa saa, kisha wa dakika, halafu tazama kwa lenzi kutoka ubavuni: lazima uone mwanga kati yao. Zungusha saa kumi na mbili nzima kabla ya kuweka wa sekunde. Saa ikisimama kila mara mahali pale pale, karibu kila mara ni mshale unaogusa mwenzake au alama ya uso. Wa sekunde ubonyeze wima. Ukiinama, mhimili wake mwembamba unapinda, na hapo fundi hana dawa ya haraka.

Kiwandani mashine inaruhusiwa kupotea sekunde 20 au kuzidi 40 kwa siku. Kwenye kipima mapigo, kifaa kinachosikiliza mlio wa mashine, weka pembe ya mapigo ("lift angle") ya nyuzi 53, tia ufunguo hadi ujae, na usogeze wenzo wa kurekebisha mwendo kwa unywele tu. Ikikimbia ghafla dakika nzima au zaidi kwa siku, kwanza iondoe sumaku.

Kwa sura, seti inafika karibu lakini haifiki. Bezeli yake ni ya kauri na inazunguka upande mmoja kwa vituo 120, ilhali ya 5513 ni ya alumini, inazunguka pande zote bila vituo. Kioo ni safaya bapa. Cha asili ni akriliki iliyobinuka, na ubinuko huo ndio unaoipa uso wake joto. Kubadilisha kioo kunasaidia kuliko kubadilisha kitu kingine chochote.

Mgongoni imeandikwa mita 200. Mpira wa kifuniko ulikuja mkavu kabisa, kwa hiyo upake grisi ya silikoni, na hadi saa ipimwe kwa mashine ya shinikizo, usioge nayo.