Baleti kwa vijana wa kiume hapa Kisumu: mpelekeni

Wazazi wa Kisumu mnaouliza kama hii darasa ya baleti huku Milimani inafaa kijana wa kiume, jibu ni ndio. Wangu ana miaka 14 na watu walikuwa washamwambia amechelewa, lakini mwalimu akatujibu na hadithi ya Rudolf Nureyev, yule dansa wa baleti wa Muungano wa Kisovieti aliyezaliwa ndani ya treni 1938 akakulia mji wa Ufa, Urusi, babake mwanajeshi hataki kabisa kusikia mambo ya kudansi, na shule kubwa ya baleti ya Leningrad akaingia 1955 na miaka 17 wakati wenzake walianza na miaka kumi hivi. 1958 ako stejini na Kirov, kampuni kubwa ya baleti ya huko Leningrad!

Lakini raha yenyewe ni nusu saa ya mwisho. Mwalimu anawasha projekta, anaweka klipu za Nureyev, anasimamisha, anarudisha nyuma, "ona goti, ona vile ametua", halafu vijana wanainuka wanajaribu. Unajua kwenye baleti ya Swan Lake mwanamfalme kazi yake ilikuwa sanasana kumshika msichana na kumwinua, Nureyev akamwongezea dansi ya peke yake, ya polepole, ya mtu ana mawazo mazito, na hiyo ndio kijana wangu anarudia sebuleni kila jioni. Mwanaume kwa baleti akaacha kuwa nguzo tu, na hawa vijana wanaiona hiyo kwa macho yao.

Mwalimu hawafichi kitu pia. Anawaambia vile Nureyev alitoroka KGB, majasusi wa Kisovieti, kwenye uwanja wa ndege wa Le Bourget, Paris, 1961, vile baadaye aliongoza baleti ya Opera ya Paris, 1983 hadi 1989, na kwamba Ukimwi ndio ulimuua Januari 1993 akiwa 54, miezi michache tu baada ya kuwatengenezea baleti ya La Bayadère akiwa mgonjwa sana. Hapa kwetu mtoto kusikia huo ugonjwa ukitajwa bila kunong'ona, mimi nimeshukuru sana.

Sasa sakafu jamani. Ni taili juu ya simiti, na mtu anayeruka anahitaji mbao zinazobonyea kidogo la sivyo magoti yanaisha mapema. Nimemwambia mwenye studio, anasema mwaka ujao, basi kwa sasa wapunguze kuruka. Ada ni 3,500 kwa mwezi, viatu unajinunulia, paking ni shida kwa hivyo kujeni na boda. Nyota nne, ya tano nitaongeza mbao zikiingia.