Riwaya za kutisha: ipi ununue kwanza, ipi isubiri, na ipi usiilipie kabla haijakamilika

Mnunuzi wa riwaya ya kutisha huuliza kwanza, "Inatisha kiasi gani?" Mimi namshauri aulize jambo jingine: nikifika ukurasa wa mwisho nitaambiwa aliyefanya mambo yote haya ni nani, au nitaachwa gizani?

Vitabu vya mizimu, majini na nyumba zenye mambo vinajibu swali hilo kwa namna tatu. Vya aina ya kwanza vinakutia hofu ya mzuka halafu vinakuonyesha kwamba muda wote alikuwa binadamu mwenye tamaa zake. Vya aina ya pili vinakubali mapema kwamba kiumbe kipo, na kazi iliyobaki ni kupambana nacho. Vya aina ya tatu vinakataa kusema. Unafunga kitabu hujui kama nyumba ndiyo iliyokuwa na mambo au ni akili ya aliyelala ndani yake. Malalamiko mengi ninayoyasoma kuhusu riwaya hizi yanatoka kwa mtu aliyetaka aina moja akanunua nyingine. Kitabu kinaitwa kibovu bila kosa, na msomaji ambaye kingemfaa anakiacha rafuni.

Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu wengi wetu hatukujifunza habari za majini vitabuni. Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walikuwa wakilala nje kwa makundi kwa kumwogopa Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku majumbani mwao. Msomaji aliyekulia katika mazungumzo kama hayo hahitaji kurasa 50 za kushawishiwa kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kugonga mlango. Anachohitaji ni mwandishi anayeijua hofu hiyo na kuiheshimu, hata kama nia yake ni kuichunguza. Kwa hiyo orodha yangu inaanzia nyumbani. Nimeipanga kwa ajili ya mtu mwenye fedha ya kitabu kimoja kwa sasa, atakayeongeza kingine baadaye akipenda.

Namba moja: Mzimu wa Watu wa Kale

Kwa hadithi hii Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya 1957/58 yaliyosimamiwa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 ikatoka kama kitabu. Bwana Ali anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo watu hawapiti bila kushusha sauti. Anaingia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, akiwa na rafiki yake Najum, na anaanza kuwauliza watu walio hai.

Ndiyo, ni aina ya kwanza. Kulisema hilo hakukuharibii kitabu, maana kilichofichwa ni nani na kwa nini, na hapo mwandishi anakuzungusha kwelikweli. Nimekiweka juu kwa sababu ya jinsi hofu inavyojengwa. Hakuna kiumbe kinachoruka kutoka kichakani. Hofu inatoka katika maneno ya watu: anayejua kitu lakini hataki kukitaja, anayekubali haraka mno kwamba ni kazi ya mzimu, anayebadilisha mazungumzo. Unasoma ukijiuliza ni nani kati yao anayeogopa kweli na ni nani anayefaidika na hofu ya wenzake. Na Kiunguja chake ni kitamu sana, mtu anaweza kukisoma kwa sauti barazani na wasikilizaji wasichoke.

Hakimfai anayetaka damu na mayowe kila sura. Mwendo wake ni wa mazungumzo, na baadhi ya desturi zilizomo ni za Unguja ya zamani, kijana wa leo itabidi awaulize wazee wake.

Ukikipenda, usihame haraka kwa mwandishi huyu. Kuna Kisima cha Giningi cha 1968, chenye Bwana Msa yuleyule. Jina hilo peke yake linatosha kumsisimua mtu wa visiwani, kwa kuwa katika masimulizi ya huko Giningi ndiko makao ya wachawi. Baada ya hapo, kama Kiingereza hakikusumbui, chukua The Hound of the Baskervilles cha Arthur Conan Doyle, kilichotoka kama kitabu mwaka 1902. Kina mbwa wa laana, ukoo unaoandamwa na mfululizo wa vifo, na mbuga zenye ukungu za Dartmoor. Visome vikiwa karibu karibu, hiki na kile cha Bwana Msa, uone jinsi kila mmoja anavyotumia imani ya watu wa mahali pake.

Namba mbili: Mirathi ya Hatari

Kitabu cha C. G. Mung'ong'o, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Kijana aliyesoma anaitwa kwa baba yake anayekata roho, na kitu anachoachiwa ni uchawi. Hapo tumeshaingia aina ya pili, kwa sababu uchawi humu haupewi maelezo ya pembeni ya kuupunguza makali. Upo, unafanya kazi, na una gharama.

Kinachotisha zaidi ni huo urithi wenyewe. Adui wa nje unaweza kumkimbia. Kitu ulichokabidhiwa na mzazi wako kitandani, ukakipokea kwa sababu huwezi kumkatalia baba anayekufa, utakikimbilia wapi? Sijui riwaya nyingi za kutisha, za lugha yoyote, zinazoanza na swali lenye uchungu namna hii. Ni kitabu kifupi pia, na hofu haipendi kurefushwa.

Kingekuwa namba moja kama kingekuwa kinapatikana kwa wepesi ule ule. Ukikikuta kwa muuza vitabu vya zamani, usiseme utarudi kesho. Usipokikuta, ulizia maktaba za vyuo vikuu vyenye idara ya Kiswahili.

Namba tatu: Dracula

Hiki usikinunue. Maana yangu ni kwamba usitoe fedha kabla hujakijaribu bure. Kilitoka mwaka 1897, mwandishi wake Bram Stoker alifariki mwaka 1912, haki zake zimekwisha, na Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanakitoa chote bila malipo. Kisome kwenye simu hadi mwisho wa sura ya nne, yaani kipindi chote ambacho Jonathan Harker yumo ndani ya ngome ya Dracula, mfu anayenyonya damu za watu, kule Transylvania akiandika shajara yake. Sura hizo nne ni miongoni mwa kurasa bora kabisa za kutisha zilizowahi kuandikwa. Zikikushika, kanunue nakala ya karatasi, maana utataka kurudi nyuma mara kwa mara.

Utarudi nyuma kwa sababu kitabu kizima kimeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti na hata kumbukumbu za nahodha wa meli. Hakuna msimulizi mmoja anayejua yote. Kila mhusika ana kipande chake, na wewe msomaji unaiona hatari kabla yao kwa kuwa ndiye pekee uliyesoma vipande vyote. Waandishi wa leo wanaoandika hadithi kwa mtindo wa meseji za simu wanatembea njia hiyo hiyo.

Matatizo yake ni mawili. Katikati kinapoa, wanaume wema wanapeana mikono na kusifiana kwa muda mrefu. Pili, ukifika mji wa Whitby utamkuta mzee wa makaburini anayeongea lahaja ya Yorkshire, ngumu hata kwa Waingereza wenyewe. Usikwame hapo, soma upate maana ya jumla na usonge mbele. Dukani, fungua yaliyomo uhesabu sura. Zinapaswa kuwa 27. Zikipungua umeshika toleo lililofupishwa kwa ajili ya wanafunzi, na ufupisho wa kitabu hiki hukata mambo madogo madogo yanayokusanya hofu.

Namba nne: The Haunting of Hill House

Shirley Jackson, 1959. Watu wanne wanakwenda kukaa katika nyumba yenye sifa mbaya ili kuichunguza: daktari mtafiti, mrithi wa nyumba na wanawake wawili walioalikwa, mmoja wao Eleanor Vance, ambaye miaka mingi ya ujana wake ameimaliza akimuuguza mama yake. Milango inagongwa usiku. Maandishi yanatokea ukutani. Na kadiri siku zinavyokwenda unaacha kuiogopa nyumba, unaanza kumwogopea Eleanor, halafu unaanza kumwogopa Eleanor.

Ni aina ya tatu, tena bora kuliko zote nilizozisoma katika aina hiyo. Nimekishusha hadi namba nne kwa sababu mnunuzi wa mara ya kwanza anayetaka jibu atakitupa ukutani. Kiweke cha pili au cha tatu kununua, ukishajua kwamba unaweza kufunga kitabu bila kuambiwa. Usikinunue kwa sababu ya tamthilia ya Netflix ya 2018 iliyobeba jina hili, kwani hadithi ya tamthilia ni nyingine kabisa, imeazima nyumba na majina tu. Haki zake bado zipo, kwa hiyo PDF inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni ya wizi.

Viwili vya kusubiri

Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, 2001, ni kitabu kikubwa kwa maana ya uzito. Mkubwa mmoja serikalini, anayeitwa K tu, amejaa starehe wakati watu wanaumia, na babu yake aliyekufa anamtokea. Mzuka humu ni hakimu. Mwenye hamu ya hofu tupu ataona siasa zimezidi, lakini anayeitazama nchi yake kwa huzuni atakiona kinatisha kuliko vyote nilivyotaja. Lugha yake inadai utulivu, kwa hiyo kisiwe cha kuanzia.

Frankenstein cha Mary Shelley nakitaja hasa kwa ajili ya mtego wake dukani, kwa sababu kuna vitabu viwili chini ya jina moja. Toleo la 1818 lilitoka bila jina la mwandishi, na mwenyewe alikuwa na miaka 20 tu. Mwaka 1831 alilifanyia marekebisho makubwa. Katika la kwanza, Elizabeth ni binamu wa Victor Frankenstein, kijana msomi aliyeunda kiumbe cha kutisha. Katika la pili ni yatima aliyelelewa na familia. Ukiona sura 24 zinazofuatana moja kwa moja, una la 1831. Ukiona kitabu kimegawanywa mafungu matatu na sura zikianza upya kila fungu, una la 1818. Mimi nalipendelea la 1818, ndani yake Victor anabeba lawama zaidi na majaliwa kidogo. Yote mawili yanapatikana bure mtandaoni.

Simulizi za kulipia kwenye simu

Ziko za majini wa baharini, za mabweni, za madereva wa malori ya usiku, na baadhi ya waandishi wake wana kipaji cha kuogopesha ambacho wachapishaji wetu wamekosea kukipuuza. Nimeziweka mwisho kwa sababu moja tu, nayo ni mwendelezo. Unatuma fedha kwa simu, unapata sehemu kumi, kisha "itaendelea" inageuka kimya. Hadithi ya fumbo isiyo na mwisho haina thamani hata ya nusu yake, kwa hiyo uliza kabla: imekamilika? ina sehemu ngapi? naweza kusoma tatu za mwanzo? Mwandishi makini hakasiriki kwa maswali haya. Ikiwa imekamilika na sehemu za mwanzo zimekushika, lipa, tena ulipe kwa mwandishi mwenyewe na siyo kwa anayesambaza kazi ya mwenzake.

Kusoma maoni ya wengine kabla ya kulipa

Maoni yanayosema "nilishindwa kulala" hayajakuambia kitu kuhusu kitabu. Tafuta anayeeleza hofu inatoka wapi: mahali, kiumbe, ukoo, au akili ya mhusika. Tafuta anayetaja ni sura ya ngapi kitabu kilimshika, na wapi kilimchosha. Mhakiki anayemwaga mwisho mkimbie, lakini anayekudokeza aina amekutendea wema. Nawe ukimaliza chako, andika maneno machache kwa mtindo huo popote unaposoma ya wengine, hasa kwa vitabu vya Kiswahili. Kitabu cha Kiingereza cha zamani kina maelfu ya maoni mtandaoni, wakati Mirathi ya Hatari kinaweza kumkosa mnunuzi kwa sababu hakuna hata mtu mmoja aliyeeleza kina nini ndani.

Kwa vipya vya Kiswahili, jijini Dar es Salaam anza na TPH Bookshop, Mtaa wa Samora. Kwa vya Kiingereza, meza za vitabu vya mtumba, za Posta au zile za katikati ya Nairobi, zina riwaya za kutisha nyingi kuliko unavyodhani, kwa bei inayozungumzika. Kabla hujaanza kuzungumza bei, geuza kitabu uangalie mshono wa nyuma na namba za kurasa kumi za mwisho, bila kuzisoma. Vitabu vya mafumbo hupotelewa na kurasa hizo kuliko vingine vyote, kwa kuwa kila aliyekimiliki amezifungua mara nyingi, na wengine huzifungua kabla ya kuanza.